Posheni Iliyokatazwa

Kila Ijumaa mchana, wanafunzi wa Chama cha Mazingira walibeba slasha zao za kukatia nyasi hadi bustani ya umma mjini Thika, kila mmoja akafyeke posheni yake, sehemu aliyogawiwa. Waruguru wa Gredi ya Sita ndiye aliyemaliza wa kwanza siku zote, wala hakumaliza kimyakimya. Alisimama mkono kiunoni, akiwatazama wenzake kwa jicho la dharau, utadhani slasha ilivumbuliwa kwao. Kwake nyasi ndefu zilikuwa uvivu, basi!

Siku hiyo Mwalimu Nafuna, mlezi wa chama, alikuwa amefunga kamba ya katani kando ya mto.

"Ng'ambo ya kamba msiguse," alisema. "Hapo ni pa ndege na wanyama wadogo. Tutafyeka mvua zikiisha."

Mwalimu alipokwenda kuwasaidia wadogo, Waruguru aliangua kicheko.

"Eti pa ndege! Ndege si wako mitini? Watu wakipita hapa watatuita wavivu."

"Lakini tumekatazwa," alisema Mbaluka, aliyekuwa akifyeka kando yake.

"Wewe nyamaza! Posheni yako inafanana na kichwa kilichonyolewa gizani."

Akaruka kamba, akaanza kufyeka. Kila alipopita aligeuka kujisifu. Aliuita usafi, kumbe ni ujinga mtupu! Mara kwale akachomoka miguuni pake akipiga kelele, na slasha ikamponyoka. Pale chini, kati ya vishina, mayai yalikuwa wazi juani. Kunguru wawili walikuwa wamekwisha kutua kwenye uzio wa bustani.

"Haiya!" Mbaluka akasema. "Si ulisema ndege wako mitini?"

Waruguru angeweza kusingizia ng'ombe wanaopita pale kunywa maji. Akalifikiria hilo, bila aibu. Kisha kunguru mmoja akaruka chini, akasogea. Waruguru akamfukuza, akatimua mbio kwenda kwa Mwalimu.

"Mwalimu, ni mimi! Nimevuka kamba. Kuna mayai, na kunguru wanayataka!"

"Msiyaguse," Mwalimu Nafuna aliamuru alipofika. Haraka wakachomeka matawi yenye majani kuzunguka kiota, wakaacha upenyo upande wa mto, kisha wakajitenga mbali. Wakangoja sana. Hatimaye kwale akatokea kwenye matete, akanyoosha shingo, akapita penye upenyo na kuyalalia mayai yake. Waruguru akalia waziwazi.

"Nisamehe, Mbaluka," alisema.

"Sawa. Lakini usinitukane tena."

Mwalimu Nafuna hakumbembeleza.

"Bustani iliyonyolewa yote ni sakafu tu, Waruguru. Uliyadharau majani, ukamdharau mwenzako, ukanidharau na mimi. Mwenye dharau haangalii anapokanyaga. Kabla ya kufyeka popote, uliza kwanza nani anaishi hapo. Ila jambo moja umefanya vizuri. Ungenyamaza kidogo tu kulinda jina lako, kunguru wangeshiba. Umesema kweli mapema, na mama yule yuko na watoto wake."