Kamba Iliyokatwa Mara Nne

Kila akitoka shule, Mbishi alifua taulo za saluni ya mama yake. Jina hilo alipewa na shangazi yake, kwa sababu hakukubali jambo mpaka aelezwe sababu.

Alasiri moja shangazi aliingia akihema kama aliyekimbizwa. Mtihani wa kuingia shule ya binafsi ya kilimani ulikuwa umekaribia.

"Nimeuliza kwa wanaojua," alisema. "Insha ni kukariri moja tu, ya safari ya ndege. Hata wakiuliza habari za ng'ombe, ng'ombe huyo apande ndege! Na kwenye usaili, itikia 'ndiyo' kwa kila kitu. Mtoto mwenye maswali hawamtaki."

Wateja walicheka. Mbishi hakucheka.

"Shangazi, mimi ndege naiona ikipita juu tu. Nitaisimuliaje?"

"Kariri! Wenzako wote wanakariri."

"Basi wakariri wao. Mimi sikariri uongo."

"Wifi, huyu mtoto atatuaibisha!"

Mama alikuwa akimsuka mteja, wala hakuinua macho. "Mwache. Lakini wewe, ukikataa njia ya wenzako, onyesha yako. Kukataa tu hata mbuzi anajua."

Maneno hayo yalimchoma. Tangu siku hiyo, taulo zikishaanikwa, Mbishi alifanya hesabu, na kila jibu alilitafutia sababu. Insha aliandika za mambo aliyoyaona kwa macho yake, akazifuta, akaziandika upya.

Siku ya mtihani waliambiwa waeleze mahali wanapopafahamu vizuri. Mbishi aliandika juu ya saluni: joto la vikausha nywele, harufu ya mafuta, na wateja wanaokiambia kioo siri zao.

Mchana, aliitwa kwenye usaili. Shangazi aliyemsindikiza aliketi nyuma yake. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye miwani puani, alifunua karatasi ya hesabu.

"Kamba imekatwa mara nne. Jibu ni vipande vitano, nawe umeandika majibu mawili. Unakubali kwamba umekosea?"

Shangazi alikohoa. Kikohozi chenyewe kilisema: sema ndiyo!

Mbishi aliitazama karatasi yake. "Hapana, Mwalimu. Samahani, lakini sikubali."

"Kwa nini?"

"Kamba ikiwa imenyooka, ni vipande vitano. Lakini ncha zikiwa zimefungwa pamoja, ni vinne. Swali halikusema."

Mwalimu mkuu alichukua uzi mezani, akaufunga ncha, akaukata mara nne. Akahesabu. Akahesabu tena, kisha akacheka.

"Swali letu ndilo lenye kasoro. Tutalirekebisha." Akamgeukia shangazi. "Mama, mtaani wanasema tunataka watoto wa kukariri na kuitikia. Leo nimesoma safari za ndege mpaka kichwa kinaniuma, na hakuna abiria aliyechungulia dirishani! Aliyekariri anatuonyesha akili ya mtu mwingine. Sisi tunataka kuona ya mtoto mwenyewe, hata ikikosea."

Shangazi alitazama viatu vyake.

Wiki iliyofuata, simu iliita saluni: Mbishi alikuwa amepata nafasi. Wateja walipiga vigelegele, na shangazi aliwashinda wote kwa sauti. Mama alifuta mikono, akamshika binti yake mabegani.

"Huko nako, usichoelewa uliza. Usichokubali kikatae, lakini toa sababu zako. Mwanangu, heshima si kuinamisha kichwa. Ni kukitumia mbele za watu bila kuwadharau."