Kipimo cha Sauti Nyuma ya Tangi

Kila asubuhi, binti wa fundi wa sauti alifagia ua, kisha akamsalimia jirani yao mshonaji, aliyekuwa dirishani na cherehani yake.

"Kasuku wangu, umeamka na maneno mangapi leo?" mshonaji alimtania kwa jina alilompa kwa kupenda kwake kuongea.

"Ya kukutosha mpaka jioni, shangazi!"

Baba yake alikadiria kelele za roketi. Roketi ndogo ya majaribio iliporushwa, alipima sauti katika kila mtaa, kisha akapiga hesabu kujua ile kubwa itangurumaje. Watu wa mitaa yenye hatari walihamishwa kwa siku ya ile kubwa.

Siku ya majaribio, aliweka kipimo katikati ya ua. "Mwanangu, kaa nacho hapa hapa. Kisisogezwe."

Jua lilikuwa kali. Baba alipompa kisogo tu, Kasuku akakibeba hadi nyuma ya tangi la maji, akajilaza kivulini raha mustarehe. Roketi ilipokwisha kupaa, akakirudisha.

Jioni baba alikuna kichwa. "Mtaa wetu umekuwa mtulivu kuliko nilivyodhani. Kulikuwa na tatizo lolote?"

"Hapana, baba." Aliogopa kugombezwa, basi. Baba akachora mstari wa hatari kwenye ramani, na mtaa wao ukabaki nje.

Roketi kubwa iliporuka, Kasuku alikuwa shuleni, mbali. Mtaani kwao ngurumo ilipasua vioo vya madirisha. Mshonaji alikuwa palepale pake, akishona. Daktari alisema sikio lake la kushoto halitasikia tena.

Kasuku alishindwa hata kula. Alimweleza baba yote huku akilia. Uso wa baba ulisawijika.

"Tangi liliikinga sauti, nami nikaziamini nambari za uongo. Kukimbilia kivuli ni utoto tu. Lakini nilikuuliza, ukanitazama usoni ukasema hapana."

Akaufuta mstari, akachora mwingine. Mara ijayo mtaa mzima ungehamishwa. Kisha akamshika mkono wakaenda kwa mshonaji.

Kasuku aliomba msamaha kwa sauti ya chini, macho yakiwa sakafuni.

"Sikusikii, mwanangu. Njoo upande huu."

Ikambidi azunguke, aseme upya kwa sauti, wateja wote wakisikiliza. Mshonaji alikiweka kitambaa mapajani.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe, "ila uchungu ninao, sikufichi. Sema kosa lako mapema, kabla halijamfikia mwingine. Siku ile ungemnong'oneza baba yako tu, leo ningekuwa na masikio yote mawili."