Miaka Iliyookotwa

Mnanichosha. Mvua ikianza tu kugonga dirisha mnanivutia kiti na kuniambia, bibi, tupe ile ya Wouter. Ya Wouter ina utamu gani? Si ya kuchekea, si ya kumbembelezea mtoto. Haya, nitaisema, maana nisiposema mtakwenda kuisikia kwa waongo. Atakayeota vibaya asije kuniamsha.

Ilianza na kitanda. Marloes aliingia chumba cha nyuma cha nyumba ile ya msituni, mkoba ungali begani, akakuta kitanda cha kichanga kimetandikwa. Shuka lilikuwa limefunuliwa upande mmoja, kana kwamba mtu ametoka kumnyanyua mtoto sasa hivi. Akatia mkono. Lilikuwa na joto. Na chumba kizima kilinuka maziwa ya kifua, yale yaliyochachia nguoni.

"Wouter," akaita, "nani alikuwa humu kabla yetu?"

"Wasafishaji." Mumewe alikuwa mlangoni amekumbatia gunia la viazi alivyovibeba kutoka nyumbani. "Wametuwekea kitanda bure, na wewe unatafuta kasoro."

Bure! Neno hilo ndilo lililokuwa dini ya Wouter. Na msidhani alikuwa fukara. Alikuwa mshauri wa kodi pale Amersfoort, mwenye nyumba ya kona na gari lililolipwa likaisha. Lakini mtu yule alikuwa akikausha kifuko cha chai juu ya bomba la joto ili akitumie tena.

Safari yenyewe waliibishania majira yote ya baridi. Walikuwa wanakwenda Bustani ya Majitu, bustani ya michezo kule mashariki karibu na mpaka wa Ujerumani, na pa kulala palikuwa pawili. Kulikuwa na Kasri, hoteli iliyo ndani ya bustani, ambayo vitanda vya watoto vimechongwa kama viatu vya majitu. Na kulikuwa na nyumba za msituni, nyuma kabisa, zimeegemea vilima vya makaburi ya watu wa kale.

"Kasri, Baba!" alisema Jildou, binti mkubwa, wa miaka tisa. "Tutalala ndani ya kiatu!"

"Ukifumba macho kiatu na kitanda vyote ni giza."

"Mara moja tu, Wouter," Marloes akamwambia. "Watoto wanakua. Mwaka kesho Jildou atatuonea haya."

"Msituni mtoto asiyetimiza miaka mitatu halipiwi," akasema Wouter, macho kwenye kompyuta. "Si kitanda, si mlango wa bustani. Wiki nzima."

"Sisi hatuna mtoto wa chini ya mitatu. Noortje ana minne."

"Umbo lake dogo. Nani atampima?"

Marloes aliyaacha hapo. Alikuwa amechoka kubishana na mtu ambaye kila neno kwake lina bei. Rahisi huvunja upishi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuolewa na Wouter.

Basi siku ya kufika, pale mapokezi, Noortje alisimama kifua mbele kama askari. Mnajua kwetu mtoto huanza shule siku ile ile anapotimiza minne, na yeye alikuwa ameianza tangu masika. Jina lake aliliandika mwenyewe, herufi ya kwanza ikiwa kichwa chini. Kijana wa mapokezi, mwenyeji wa huko huko, akainama.

"Na binti huyu mkubwa ana miaka mingapi?"

Wouter akamwekea mtoto kiganja utosini kabla hajasema. "Miwili. Huyu ana miwili tu."

"Minne! Mimi niko shule!"

"Anamwiga dada yake," akacheka Wouter.

Kijana hakucheka. Alitazama dirishani, kule viliko vilima, kisha akashusha sauti. "Bwana, una hakika? Huku kwetu umri wa mtoto husemwa kama ulivyo. Hasa kwa anayelala upande ule."

"Mimi ndiye baba. Ana miwili. Andika."

Noortje akamgeukia mama yake ili amtetee. Marloes alikuwa akivitazama viatu vyake mwenyewe. Nje ilikuwa Julai, jua la mchana, na juu ya vilima ukungu ulikuwa umeketi kama wanawake waliojifunika shuka.

Asubuhi ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Mbele ya kigari cha reli, kile kinachopanda na kuporomoka, palisimama jitu la mti limenyoosha mkono, na mtoto ambaye utosi wake unagusa kiganja cha jitu anaruhusiwa kupanda. Noortje aligusa. Akapanda, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, akateremka akitaka tena. Wakala mkate wa jibini waliotoka nao nyumbani, maana Wouter hakununua hata kikombe cha maji mle ndani.

Asubuhi ya pili Noortje alisimama pale pale, na kati ya utosi wake na kiganja cha jitu kidole kingepita.

"Rudi ukiwa umekua, mdogo wangu," akasema mwenye kigari.

"Jana alipanda!" akasema Jildou.

"Jana alivaa viatu vya soli nene," akasema Wouter.

"Viatu ni hivi hivi, Baba."

"Basi alisimama kwa vidole. Twendeni kwenye mabata, mabata hayana masharti."

Marloes alimwinamia mtoto kumfunga viatu, akaona vinapwaya. Alivuta kamba, akavuta tena, mpaka ngozi ikakunjamana.

Mchana ule alimpa Noortje kalamu amwandikie bibi yake mzaa mama kadi. Mtoto aliishika kwa ngumi, akachora duara, akaitupa. Jioni alijikojolea. Alipotaka kumwita dada yake, jina lilimkatikia mdomoni, likabaki "Dou," na alicheka kama jambo la kawaida.

"Uchovu," akasema Wouter, akimenya viazi.

"Huu si uchovu. Mtoto wangu anarudi nyuma."

"Marloes. Watoto hawana gia ya kurudi nyuma."

Wakati huo huo, sufuria likitokota, ukutani kulisikika mtu akiimba kwa pua. Hakuwa mmoja. Walikuwa wanawake wengi, wimbo usio na maneno, unaokwenda na kurudi kama mtu anayempakata mtoto akimpeleka huku na huku. Marloes alizima jiko asikie vizuri. Wouter aliendelea kumenya, lakini maganda yalianza kutoka manene, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa dalili kubwa.

Noortje alikuwa akilala kitanda kimoja na dada yake, na kila kulipopambazuka walimkuta kwenye kile kitanda cha kichanga, amefunikwa hadi kidevuni. Siku ya tatu Jildou alimfuata mama yake bafuni, akafunga mlango, akamnong'oneza.

"Mama, wanakuja kumchukua. Wana mikono mirefu ya baridi. Wananuka kama wewe ulipotoka kumzaa Noortje."

"Mbona hukuniita, mwanangu?"

"Niliita. Mdomo wangu ulijaa ukungu."

Ndipo Marloes alipotoka mbio kwenda chumba cha nyuma, na kufika pale akasimama, kwa sababu ukungu ulikuwa umeingia na madirisha yamefungwa, na ndani ya ukungu ule migongo ya wanawake ilikuwa imeinama juu ya kitanda, mirefu, myeupe, isiyo na nyuso, ikipokezana kitu mkono kwa mkono kwa upole ambao ulimtisha kuliko ukali, na wimbo ule wa puani ukapanda ukawa karibu furaha, na alipojitupa katikati yao akahisi baridi ya kisima ikimpita mwilini, na alipolifikia shuka akalifunua akaona nywele zimekuwa unyoya, na meno hayapo, na macho yale ya Noortje yanamtazama kwa mapenzi makubwa yasiyomjua.

Akamfunga taulo. Akatoka, Wouter na Jildou nyuma yake.

Kijana wa mapokezi hakuuliza. Alipomwona tu akaelekeza kidole barabarani. "Kwa Bi Aaltje, muuza mayai. Nendeni mbio. Nisamehe, mama. Tukiwaambia wageni wanatucheka."

Bi Aaltje alikuwa mwanamke wa kunuka kuku, mwenye ulimi kama msasa, aliyekuwa akitibu mkanda wa jeshi na majeraha ya moto kwa kuyasemea maneno, kama mama yake na nyanya yake. Alilifunua taulo, akalifunika.

"Nani aliyemkana?"

"Hakuna aliyemkana," akasema Wouter.

"Mimi siulizi mara mbili, bwana. Nani alisema mtoto huyu hana miaka aliyonayo?"

Marloes alimtazama mumewe. Jildou alimtazama baba yake. Hata jogoo alimtazama.

"Ilikuwa… ilikuwa ya kuandikia tu," akasema Wouter. "Kila mtu anafanya."

"Kila mtu halali pale. Sikiliza. Wale Wanawake Weupe walikufa zamani na vifua vyao vimejaa na mikono yao mitupu. Wezi si wao. Hawajawahi kuiba hata yai langu. Wao wanaokota. Wewe umetupa miaka miwili ya mwanao mlangoni pao, wakaiokota, wakaionja, wakaiona tamu. Sasa wanafuata iliyobaki."

"Nitalipa tofauti! Nakwenda mapokezi sasa hivi. Nitalipa ya Kasri!"

Bi Aaltje alicheka mpaka akakohoa. "Kasri! Wale watakwenda kununua nini? Miaka hulipwa kwa miaka. Vaa koti, na ufunge mdomo mpaka nikuambie ufungue."

Walipanda kilimani mchana kweupe. Ng'ambo ya miti watu walikuwa wakipiga kelele za raha kwenye vigari vya majitu, na hapa ukungu ulikuwa umewafika viunoni. Marloes alimshika mtoto kifuani. Mtoto alikuwa mwepesi sasa, kama mkate uliotolewa nyama ya ndani, na pumzi zake zilikuwa zikihesabika. Wimbo ulikuja kutoka pande zote.

"Utasema hivi tu," Bi Aaltje akamwambia Wouter. "Huyu ni mwanangu, ana miaka minne, nairudisha minne kwa minne yangu. Usiongeze neno. Usipunguze neno. Nao si wa kupatana bei."

Wouter akapiga magoti. "Huyu ni mwanangu," akasema, na sauti ilimtetemeka kweli, sitamsingizia. "Ana miaka minne. Nairudisha minne kwa minne yangu…"

Laiti angeishia hapo. Mngekuwa mnasikiliza hadithi nyingine. Lakini mtu aliyezoea kupunguza bei hapunguzi sokoni peke yake. Alimkumbuka shangazi yake aliyekuwa kwenye nyumba ya wazee, aliyekaa miaka mingi akiwa hajui hata jina lake, akaona miaka kama hiyo ya uzeeni ndiyo ya kutoa, miaka isiyo na hasara.

"…ile minne ambayo hata sitaikumbuka!"

Bi Aaltje alijipiga paji la uso. "Mpumbavu we."

Wimbo ukakatika. Baridi iliwapitia mara moja, kama mlango uliofunguliwa na kufungwa, na ndani ya taulo kitu kikaanza kupiga teke, kikazidi uzito, kikazidi mpaka Marloes akaketi chini nacho. Miguu ikatokeza. Nywele zikamwagika. Noortje akasukuma taulo usoni, akatazama huku na huku kwa hasira.

"Mama, kwa nini niko uchi mbele ya watu?"

Marloes alilia, akacheka, akamgusa meno moja moja. Jildou alimkumbatia mdogo wake kwa nguvu mpaka akalalamika. Ukungu ulikuwa umeondoka, nyasi zimekauka, na Bi Aaltje alikuwa ameshaanza kuteremka bila kuaga, kwa sababu yeye alikuwa ameshajua.

Wouter alikuwa ameketi nyasini, akifikicha macho kama aliyeamka usingizi wa mchana.

"Marloes," akasema kwa upole, "umekata nywele lini? Na Jildou huyu, mbona amerefuka hivi?" Kisha akamwona mtoto wa pili. Akamtabasamia kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa jirani. "Na huyu ni wa nani? Tumekuja naye? Tumemlipia?"

Njiani kurudi alitaka kumpigia simu mama yake, aliyezikwa mwaka juzi. Ikabidi Marloes ampe habari ya msiba ule mara ya pili, kando ya barabara kuu, malori yakipita. Madaktari walimpiga picha za kichwa, wakasema kichwa ni kizima. Marloes akamwonyesha picha nyingine, za yeye Wouter na fulana imelowa jasho amembeba kichanga cha dakika moja, analia waziwazi. Alizitazama sana. "Nilikuwa na furaha," akasema, kama anayemsema mtu wa mbali.

Hakuwa baba mbaya baada ya hapo, hilo ndilo linaloniudhi. Alimlipia Noortje kila kitu, hata visivyoombwa. Akajifunza anachopenda kula na anachoogopa, kama mtu anavyojifunza lugha ya ugenini akiwa mtu mzima: maneno anayo, lafudhi hana. Na Noortje alikuwa anamkumbuka yeye mzima, tangu mwanzo, mikono yake na nyimbo zake na mchezo wa kumrusha juu. Alisubiri aurudie mchezo ule. Hakumwambia, alisubiri tu.

Vuli ile ile, uani mwa shule, wazazi wamejaa wakiwangoja watoto, Noortje alianguka na baiskeli yake ndogo, goti likachanika. "Baba!" akalia. "Baba!"

Wouter alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Alishtuka, akamhurumia, akageuka huku na huku kumtafuta baba yake mtoto.