Kopo la Halua

"Hili kanzu ni la Idi, Mama Tamim! La Idi! Halijavaliwa hata mara moja!"

Mama Hazim wa ghorofa ya pili alisimama kwenye ngazi. Alilishika kanzu la mumewe kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha samaki sokoni. Lilikuwa la buluu nzito. Sasa kifuani lilikuwa na madoa ya rangi ya chai, makubwa kwa madogo.

Shahinaz alisimama mlangoni kwake, ghorofa ya tatu. Mikono yake ilijaa unga hadi kwenye viwiko.

"Mimi nimesuuza ndoo tu, Mama Hazim. Nimeisuuza pale roshani. Sikujua umeanika chini."

"Hukujua? Miaka tisa naanika pale pale! Na maji gani yanakula rangi ya nguo?"

"Ni maji ya sabuni. Asubuhi mimi na Galila tumetengeneza sabuni. Ndiyo lilikuwa somo la leo."

"Somo!" Mama Hazim aliinua uso kuelekea ghorofa ya nne, ambako vichwa viwili vilikuwa vimeshachungulia. "Mmesikia? Watoto wa wenzake wanasoma hesabu. Wa kwake wanasoma sabuni!"

Huko juu mtu alicheka. Katika jengo lile la mji wa Mansura, Misri, hakuna aliyewahi kugombana peke yake. Ukiinua sauti kidogo tu, ngazi nzima inajaa.

Shahinaz aliona uso unamwaka. Maneno hayo hakuyasikia leo tu. Mwaka uliopita Galila, binti yake wa miaka kumi, alikuwa katika darasa la watoto sabini. Benchi moja walikaa watano, na alirudi nyumbani hajasikia neno. Basi Shahinaz na mumewe Wagdi, dereva wa lori liendalo Suez, waliamua asomee nyumbani. Mwisho wa mwaka angekwenda shule kufanya mtihani na wenzake.

Tangu siku ile jiko likawa darasa. Donge la unga likikatwa nusu, na nusu ikikatwa nusu, hiyo ni hesabu. Tamim, mwenye miaka minne, alisoma kwa picha za makopo.

"Hii ni nini?" Mama yake alimwuliza kila asubuhi.

"Chai!"

"Na hii, yenye jogoo mwekundu?"

"Halua!"

Herufi alikuwa hajui hata moja. Lakini kopo la halua ya ufuta, lenye jogoo mwekundu na kifuniko cha manjano, alilitambua hata akiwa mwisho wa ukumbi. Alilipenda kuliko kitanda chake.

Na asubuhi ile ilikuwa zamu ya sabuni. Shahinaz alikuwa amehifadhi mafuta yaliyokaangiwa Ramadhani nzima. Aliteremsha kapu kwa kamba hadi dukani chini. Mwenye duka akampimia kostiki, ile chumvi kali ya kutengenezea sabuni, akaitia katika mfuko wa nailoni usio na maandishi yoyote. Nusu yake ilitosha kwa sabuni, nusu ikabaki. Mfuko ulipochanika, Shahinaz alitazama huku na huku. Akaona kopo tupu la halua. Kifuniko chake kinabana vizuri. Akaimimina kostiki humo, akaliweka kopo kwenye rafu ya chini, pembeni ya sukari.

"Nitalihamisha baadaye," alijisemea.

Kisha akaanza kukanda unga wa kahki, biskuti za Idi, kwa samli na ufuta. Idi ilikuwa keshokutwa. Ndipo mlango ulipogongwa kwa nguvu.

"Nitakulipa kanzu," Shahinaz alisema sasa. "Punguza sauti, tafadhali."

"Sitaki kulipwa! Nataka unijibu. Kama maji ya kuoshea ndoo yanakula kanzu, hicho chenyewe kinakula nini?"

Shahinaz alifungua mdomo ajibu. Kabla hajajibu, ukelele ulitoka jikoni.

"Mama! Mama, Tamim!"

Alikimbia. Galila alisimama na kibano cha kufinyia kahki mkononi, hajui la kufanya. Tamim aliketi sakafuni. Kopo la jogoo lilikuwa wazi kati ya miguu yake. Punje nyeupe zilitapakaa kwenye vigae. Kidole chake kimoja kilikuwa chekundu, na mate yalimtiririka kidevuni.

"Halua inauma," alisema, akaanza kulia.

Shahinaz alipiga magoti kando yake.

"Mtapishe!" Mama Hazim aliingia nyuma yake. Kanzu alikuwa ameliacha huko huko kwenye ngazi. "Mtie kidole kooni, atapike! Galila, kata ndimu! Ndimu inakata ukali! Upesi!"

Galila alishika kisu. Shahinaz alishampakata mwanawe, kidole chake kipo mdomoni mwa mtoto.

"Toa kidole, Mama Tamim! Toa!"

Alikuwa Dokta Nagwan, mwenye duka la dawa la kona. Alikuwa anapanda kwake ghorofa ya tano na mkoba wa njugu za Idi, akasimama kwenye ngazi kusikiliza ugomvi kama watu wote. Sasa mkoba alikuwa ameutupa.

"Usimtapishe. Kilichochoma wakati wa kushuka, kitachoma tena wakati wa kupanda. Umenielewa?"

"Lakini ndimu..." alisema Mama Hazim.

"Ndimu na kostiki zikikutana zinachemka, mama yangu. Unataka zichemkie kooni mwa mtoto? Galila, weka kisu. Lete kitambaa safi na maji."

Galila akaleta. Dokta Nagwan alimwinamisha Tamim kichwa, akampangusa ulimi na midomo kwa kitambaa chenye maji. "Sukutua, baba. Tema. Tena. Tema. Shujaa wewe. Usimeze."

Kisha akakiweka kidole cha mtoto chini ya bomba. Maji yakatiririka. Mtoto akapiga mayowe.

"Amemeza kiasi gani?"

"Sijui," alisema Shahinaz. "Sikuwepo. Nilikuwa mlangoni nagombana."

"Alilamba mara moja," alisema Galila. "Nilikuwa nimegeuka. Nilipotazama, alikuwa na kidole mdomoni."

"Basi, hospitali, sasa hivi. Asinywe kitu, asile kitu, mpaka daktari aseme. Na hilo kopo lije pamoja nasi, kifuniko kikiwa kimefungwa vizuri. Daktari akiona kitu chenyewe, hapotezi muda kukisia."

Galila alibaki na mama wa ghorofa ya nne. Mama Hazim alikuwa ameshafika barabarani. Alisimama mbele ya tuktuk, mikono ameitandaza. "Shusha huyo abiria wako! Hapa kuna mtoto!"

Njia nzima Mama Hazim alimwagia maji kidole cha Tamim, chupa moja hadi nyingine. Yalimlowesha yeye na kiti cha dereva. Dereva alitaka kusema neno. Akamwona anavyomtazama, akaongeza mwendo.

Hospitalini walimchukua Tamim, mlango ukafungwa.

Shahinaz aliketi kwenye benchi. Unga ulikuwa umemkaukia mikononi, ukipasuka kila alipokunja vidole. Kila mlango uliofunguliwa, alisimama. Haukuwa ule wa Tamim.

"Mdomo wake si umeungua kidogo tu?" aliuliza. "Nimeuona. Kidogo tu."

Dokta Nagwan hakumdanganya. "Mdomo unaweza kuonekana mzima na koo likawa limeungua. Ndiyo maana mtoto akilamba kitu hiki hakai nyumbani kuangaliwa. Lazima atazamwe ndani."

Mama Hazim alikuwa akihesabu tasbihi. Vidole vyake havikutulia.

"Ajali haina kinga," alinong'ona, kumtuliza jirani yake.

"Hii ilikuwa na kinga," alisema Dokta Nagwan, taratibu, bila hasira. "Kinga yake ni kufuli. Mama Tamim, sikusemi ili nikuumize. Mwaka huu nimeona watoto wanne. Mmoja alikunywa kwenye chupa ya maji, mwingine kwenye chupa ya soda. Wote walikuta sumu katika chombo cha chakula. Mtoto hasomi maandishi. Anasoma chombo."

Shahinaz alifunika uso. "Mimi ndiye niliyemfundisha kukisoma," alisema. "Kila asubuhi. Hii ni nini? Halua. Na yeye amejibu sawasawa."

Mama Hazim alimshika mkono, unga na yote, hakuuachia.

Baada ya saa mbili daktari alitoka. Alikuwa kijana, macho yamechoka.

"Ulimi umeungua, na mdomo. Tumepitisha kamera nyembamba. Koo ni zima. Tumbo ni zima." Akatazama kopo mkononi mwake. "Nani alizuia asitapishwe?"

Mama Hazim aliinamisha kichwa. "Si mimi," alisema. "Mimi niliagiza ndimu."

Tamim alilala hospitali siku mbili. Aliruhusiwa asubuhi ya Idi. Wagdi alifika na lori lake hadi mlangoni mwa hospitali, akambeba mwanawe kama kitu cha kioo.

Nyumbani, kabla ya kuvua viatu, Shahinaz aliingia jikoni. Kopo la jogoo hakulirudisha, lilibaki hospitali na likatupwa huko. Mafuta ya taa yalikuwa katika chupa ya maji. Dawa ya panya ilikuwa katika kichupa cha jamu. Alivitazama kama anaviona leo kwa mara ya kwanza. Dokta Nagwan alimweleza jinsi ya kuviondoa salama, na Wagdi akapigilia kabati dogo juu ya mlango wa choo, lenye kufuli. Ufunguo uliingia kwenye mkufu wa Shahinaz. Tangu hapo kila kitu kikali kilinunuliwa katika chombo chake chenye maandishi, na kilibaki humo humo.

Je, sabuni iliachwa? Haikuachwa. Lakini kostiki ni kazi ya mtu mzima peke yake, watoto wakiwa chumba kingine, madirisha wazi, glavu mikononi na miwani machoni. Kostiki inatiwa kwenye maji kidogo kidogo, wala si maji kwenye kostiki, kwa maana itaruka. Na sabuni mpya inakaa wiki sita juu ya kabati mpaka ukali uishe. Hapo ndipo Galila anaikata na kuichora maua. Tamim yeye alipewa unga wa ngano, chumvi na maji. Akafinyanga jogoo, akamkausha juani.

Kahki zilichelewa Idi kwa siku mbili. Galila alifinya maua kwa kibano, Tamim akazinyunyizia sukari, nusu kwenye kahki, nusu sakafuni. Harufu ya samli ilishuka ngazi ghorofa kwa ghorofa.

Mlango ukagongwa.

Mama Hazim alisimama nje, kifurushi mkononi. Hakupiga kelele, na kwa jinsi alivyokuwa kimya, vichwa vya ghorofa ya nne vilichungulia kwa wasiwasi.

"Mzee wangu amesema hawezi kwenda msikitini amevaa ramani," alisema. "Basi nimelikata." Akafungua kifurushi. Kulikuwa na aproni mbili za buluu nzito, moja ndefu, moja fupi sana. Madoa yalikuwa yameshonewa mifuko juu yake. "Za darasani," akaongeza, akitazama pembeni. "Wanafunzi wanahitaji sare."

Shahinaz alizipokea aproni zote mbili. Akamvuta ndani kwa mkono.

Mama Hazim alisita mbele ya sinia la kahki. Katikati yake kulikuwa na kopo jipya, la jogoo mwekundu. Tamim alilitazama, kisha akamtazama mama yake.

"Mama, hii ni halua kweli?"

"Usiliguse kwanza." Shahinaz alilifungua, akachota kwa kijiko, akaonja yeye. Tamim alimkazia macho mpaka alipomeza.

"Ni halua," alisema mama yake.

Ndipo Tamim, aproni ikimfika miguuni, akasukuma kiti kwa Mama Hazim.

"Kaa, bibi. Karibu ule. Mama ameshaonja."