Plasta Nyuma ya Amplifaya

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake, msichana mmoja wa darasa la sita alisafisha sebule ya nyumbani kwao. Alifagia, akapiga deki, akafuta vumbi hata juu ya fremu za milango, mahali ambapo mgeni yeyote asingechungulia. Kaka yake alimwita Bi Safi, na jina hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Jumamosi moja alifika nyuma ya amplifaya ya baba. Siku mbili kabla, fundi wa redio alikuwa ameitengeneza na kuunganisha upya spika zake tano. Kila waya aliuzungushia kipande cha plasta ya vidonda, akakiandika kwa kalamu: mbele kulia, katikati, nyuma kushoto. Machoni mwa Bi Safi, vipande vile vilikuwa uchafu mtupu. Alivibandua vyote, akachomoa nyaya ili apanguse vizuri, kisha akazirudisha kwa kukisia.

Jioni baba aliwasha runinga asikilize habari. Sauti ya msomaji ilitokea nyuma ya kochi, upande wa jikoni.

"Huyu amehamia jikoni lini?" kaka aliuliza.

Baba hakucheka. Alipoongeza sauti, amplifaya ilizimika yenyewe. Aliiwasha tena, ikazimika tena.

"Na mimi ndiye niliyemsifia fundi huyu kwa kamati ya shule, apewe kazi ya kufunga spika za ukumbi," alisema. Akampigia simu mwenyekiti wa kamati. "Yule fundi niliyekutajia, tumwache kwanza. Kazi yake ni ya kulipua."

Bi Safi aliyasikia yote. Alikumbuka nyaya alizozichomoa. Alijiambia kuwa angesema kesho. Kesho ilipofika, alijiambia kuwa huenda nyaya hazihusiki. Kila kaka alipomwita Bi Safi, jina lile lilimchoma.

Jumatatu alasiri fundi, aliyeitwa na baba, alikuja na mfuko wake wa bisibisi. Hakufungua amplifaya. Alichomoa nyaya zote za spika, akaiwasha, akaongeza sauti hadi mwisho. Haikuzimika.

"Mashine ni nzima, mzee. Ingekuwa mbovu ndani, ingezimika hata bila spika. Kosa liko kwenye nyaya." Alizishika moja moja. "Plasta zangu ziko wapi?"

"Plasta gani? Hapa hakuna aliyegusa kitu," baba alijibu.

Fundi alizigeuzageuza nyaya vidoleni. "Basi huenda nilisahau kuzibandika. Siku ile nilikuwa na haraka. Niwie radhi, mzee, kosa ni langu."

Bi Safi aliona aibu. Mtu mzima alikuwa akiomba radhi kwa kosa lake yeye.

"Si yeye, baba. Ni mimi. Nilizibandua Jumamosi nikisafisha. Fundi, nisamehe."

"Uliponisikia nikizungumza na mwenyekiti," baba aliuliza polepole, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

Fundi alimwita karibu, akamwonyesha nyuzi nyembamba za shaba zilizoachana mwishoni mwa waya. "Uliuchomeka hivihivi. Nyuzi za huku zikigusa za kule, mashine hujizima isije ikaungua. Zisokote zikazane."

Alizisokota zote, akazichomeka, fundi akimtajia kila waya na tundu lake. Kisha alikata plasta mpya, akaziandika kwa mkono wake. Msomaji wa habari akarudi mbele, na amplifaya haikuzimika tena.

"Fundi, nilikuhukumu kabla ya kukuuliza. Niwie radhi," baba alisema. Akampigia mwenyekiti, akaeleza kuwa amemsingizia mtu, halafu akamkabidhi binti yake simu. "Malizia wewe." Alisimulia kila kitu. Mwenyekiti akasema fundi afike Jumatano kuuona ukumbi.

Baba alimgeukia binti yake. "Kubandua plasta ni kosa la kutojua, nalo limetengenezwa kwa robo saa. Kunyamaza huku jina la mtu likichafuliwa, hilo ulilichagua, siku mbili mfululizo. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."

Bi Safi alimsindikiza fundi hadi langoni, akamwomba radhi mara ya pili, wawili tu, bila mtu wa kumwona.