Sumu Iliyotoka Kidoleni

Jamani majirani, nyinyi mnaopika na nyinyi mnaopikiwa, tegeni sikio. Haya yaliwapata watu kama sisi.

Asubuhi ile jiko la Bi Upawa lilikuwa limetulia. Kuku walikuwa wamekwisha kuchemka, viazi vinapoa kwenye beseni, na mwenyewe ameketi kwenye kigoda anachambua minofu huku akijiimbia. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna shughuli mtaani iliyopikwa bila yeye. Siku hiyo alikuwa anampikia baba mkwe wake, mzee fundi bomba aliyekuwa anastaafu. Wenzake wa kazini walialikwa kula mchana.

Akaingia wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani aliyeishi nao kwenye chumba cha uani. Alikuja kusaidia. Macho yake yakatua kwenye kidole gumba cha Bi Upawa. Kilikuwa kimeingia mdudu: kimevimba pembeni mwa ukucha, kimefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa usaha.

"Wifi, kidole hicho hakifai kugusa chakula. Nipe mimi nichambue."

"Kwani kinakuuma wewe?"

"Kinatoa usaha, wifi. Unaingia kwenye nyama."

Bi Upawa akacheka kicheko kikavu. "Sema unachotaka. Tangu niolewe hapa unalimezea mate jiko langu. Nenda kashone matambara yako huko."

"Basi angalau ukimaliza, weka chakula kwenye friji."

"Friji limejaa soda. Nitakipasha moto kabla ya kupakua. Moto unaua kila kitu. Au na hilo unataka kunifundisha?"

Fundi cherehani akatoka. Nyama ikachanganywa na viazi na mayai, sufuria likafunikwa, likakaa pembeni ya jiko lenye joto asubuhi nzima. Naye Bi Upawa, kama alivyoahidi, alikipasha moto chakula mpaka kikatoa mvuke. Msimcheke. Wangapi kati yetu hatufanyi hivyo hivyo?

Wageni walikula, wakaramba vidole, wakamsifu mpishi. Fundi peke yake alikaa na sahani tupu. Bi Upawa alimwona, roho ikamchemka. Ananidharau mbele za watu, akasema moyoni.

Viti havijakunjwa, mambo yakaharibika. Mgeni mmoja alishika tumbo akakimbilia uani. Wa pili hakufika, akatapikia mlangoni. Mara nyumba nzima ikawa ni vilio na ndoo. Bi Upawa mwenyewe, aliyekuwa ameonja onja, alijikunja ukutani jasho likimtoka. Mzee alitapika mpaka akalegea kwenye kochi kama nguo iliyolowa.

"Mbona yeye mzima?" Bi Upawa alipiga ukelele, akamnyooshea fundi kidole, kile kile chenye kitambaa. "Asubuhi aliingia jikoni kwangu. Katutilia sumu!"

Mumewe akamgeukia dada yake. "Umemfanya nini baba?"

"Kaka, mimi sikugusa chakula. Muulize mkeo kidole chake kina nini."

"Funga mdomo!"

Fundi hakubishana. Alikoroga maji, sukari na chumvi kidogo, akapiga magoti amnyweshe baba yake. Bi Upawa akajivuta, akakipiga kikombe kikaruka. "Mzuieni! Anataka kummalizia!"

Waliokuwa na nguvu bado wakamzingira. Mmoja akamvuta kanga, mwingine akaingia chumbani kwake kutafuta chupa ya sumu. Cherehani yake ikatupwa uani, gurudumu likapasuka. Fundi akasukumwa nje ya geti, huku mzee akimtazama kwa macho mazito. Na muda wote huo wa matusi, hakuna aliyekumbuka kumtafutia mgonjwa gari.

Mzee alifika hospitali macho yamezama, midomo imekauka. Daktari alimtundikia dripu, kisha akauliza nani aliyepika.

"Ni mimi," alisema Bi Upawa, "lakini kuna mtu katia sumu."

"Nionyeshe mkono wako."

Aliuficha nyuma. Daktari akangoja mpaka akautoa.

"Tutapima, mama, lakini sumu hii sidhani kama ilitoka kwenye chupa. Usaha kama huo huwa na bakteria waitwao stafilokoki. Wakiingia kwenye chakula, kikakaa kwenye joto, wanazaana na kutema sumu yao humo. Ukipasha moto unawaua wao. Sumu inabaki."

"Lakini kilitoa mvuke!"

"Hata kingetokota. Wengi mtapona. Huyu ni mzee, amepoteza maji mengi, na mmemchelewesha. Hakuna aliyempa hata maji ya kunywa?"

Mume alimtazama mkewe kwa jicho ambalo hajalitoa usoni mpaka leo.

Mzee hakurudi nyumbani. Majibu ya maabara yalitoka baada ya maziko: kilichokuwa kwenye usaha ndicho kilichokuwa kwenye mabaki ya chakula.

Bi Upawa alimfuata wifi yake kwenye chumba alichopanga, akagonga. Mlango ukafunguliwa upenyo tu.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi."

"Baba yangu amekufa akidhani mimi ndiye niliyemuua," alisema fundi. "Kamwombe yeye kwanza."

Mlango ukafungwa. Siku hizi mume wa Bi Upawa anakula mkahawani.

Mafunzo

Ndugu zangu, mwenye jipu au kidonda chenye usaha mkononi asiguse chakula cha watu mpaka apone. Kilichopikwa kisiachwe kwenye joto kwa kutegemea kupashwa. Moto hauondoi sumu iliyokwisha kutemwa. Mtu akitapika, mpeni maji yenye sukari na chumvi kidogo kidogo, mumkimbize hospitali, mambo mengine baadaye. Na anayekuonya jikoni, msikilize hata kama humpendi. Wageni wa siku ile walipona wote kesho yake. Fundi cherehani, ambaye hakula hata tonge, bado watu wanavuka barabara kumkwepa wakimwona.