Kisanduku cha Nyoka Mchanga

Wewe umewahi kumnunulia nyoka nyumba? Rafiki yangu, fundi cherehani, alinunua.

Binti yake alifuga nyoka mchanga, na kila siku alimsihi: "Mama, hili tanki la kioo ni kubwa mno. Anaogopa, hata hali chakula. Mtafutie kisanduku." Mama akawa anaahirisha, maana tanki lilipendeza mbele ya wageni, na kwa kujionyesha sisi hatujambo. Binti akalazwa, akafa.

Baada ya mazishi akanunua kisanduku cha plastiki. Akakitoboa matundu ya hewa, akatandika karatasi, akakiingiza ndani ya tanki ili nyoka ahamie mwenyewe. Hakumwona, lakini wachanga hujificha. Akafunga mapazia, akakaa gizani akilia.

Ndipo akasikia kitu kikijikokota juu ya karatasi, taratibu. Akapapasa. Vidole vikakuta gamba, lingali na unyevu.

"Baba, njoo! Kahamia, kajivua na gamba!"

Mumewe akaishia mlangoni. "Mke wangu, nisamehe. Siku mtoto alipolazwa, nilidhani huyo nyoka ndiye aliyemletea maradhi. Nilimponda kichwa, nikamfukia mimi mwenyewe."